Maonyesho ya picha na vinyago wakati wa Tamasha la Bagamoyo: tuyapange vipi?

Mchoraji wa Pwani

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mchoraji ninayeishi Bagamoyo, na pamoja na wenzangu, wachoraji na wachongaji wa hapa mjini, tunakusudia kufanya maonyesho yetu wenyewe katika wiki ile ile ya Tamasha la Sanaa na Utamaduni, ambalo limekuwa likifanyika hapa tangu miaka ya mwanzo ya 1980, muda mfupi baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa mwaka 1981. Chuo hicho, ambacho leo tunakijua kwa jina la TaSUBa, kimewafanya watu wa mikoani na wa nje ya nchi waujue mji huu kuwa ni mji wa wasanii, nasi tunajivunia jambo hilo.

Hata hivyo, wageni wengi huja kwa ajili ya ngoma, maigizo na sarakasi. Ngoma humwita mtu tangu akiwa barabarani, lakini picha haina sauti ya kumwita yeyote. Hutupiwa jicho, huulizwa bei, kisha mgeni huenda zake bila kujua ni nani aliyeichora wala alikusudia nini. Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu. Je, ni afadhali tuombe jengo la kale la mawe, au tujenge banda la makuti karibu na wanapopita watu? Je, bei ziandikwe wazi? Na zaidi ya yote, tufanye nini ili wenyeji wa mji, yaani akina mama wanaokaanga samaki ufukweni, mafundi wa majahazi, madereva wa bodaboda na watoto wa shule, waingie bila kuhisi kwamba pale ni mahali pa watalii?

Mchongaji wa Mwenge

Kaka, nakupongeza kwa nia hiyo. Nitasema la upande wangu wa vinyago, kwa kuwa ndilo ninalolifahamu.

Msipange vinyago vilivyokamilika peke yake. Wekeni mezani gogo la mpingo ambalo halijaguswa, pembeni yake kazi iliyochongwa nusu, pamoja na tezo, patasi, tupa na msasa, halafu ndipo kije kinyago chenyewe. Mtazamaji akiliona gogo lile, ganda lake la kijivu, tabaka la nje la rangi ya maziwa na moyo mweusi ulio ndani, ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini kazi ya mpingo haiwezi kuuzwa kwa bei ya mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Wapo wachongaji wanaoacha kwa makusudi sehemu kidogo ya tabaka lile jeupe ili mnunuzi aone kwamba mti ni wa kweli. Ukiwa na ndoo ya maji, mtumbukizie kipande cha mpingo mbele yake, kwa sababu mpingo huzama. Watoto hulipenda sana jambo hili, na mzazi humfuata mtoto.

Jihadharini pia na jua na feni. Mpingo ambao haujakauka vizuri hupasuka ukitolewa kivulini ghafla na kupigwa na upepo mkavu, na ufa ukishapita usoni mwa kinyago hakuna gundi inayorudisha heshima yake. Vilevile msivirundike. Kinyago cha mtindo wa ujamaa, chenye watu waliopandana kuzunguka gogo zima, kimetengenezwa ili mtu akizunguke. Ukikiegemeza ukutani umemnyima mtazamaji nusu ya kazi.

Mratibu wa Unguja

Ndugu Mchoraji, kuhusu mahali, mimi ningechagua jengo la kale ikiwa mtalipata, lakini kwa masharti. Kuta za majengo hayo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari mmoja tu hubomoa lipu kwa upana wa kiganja, na wenye dhamana ya jengo watakuwa na haki kabisa ya kuwafukuza. Majengo ya kihistoria yanasimamiwa na mamlaka za mambo ya kale, kwa hiyo ombeni ruhusa kwa barua mapema, na mwende pia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri ili awaeleze vibali vinavyohitajika. Picha zitundikwe kwa kamba za nailoni kutoka kwenye boriti za dari, au kwenye fremu za fito zinazosimama zenyewe sakafuni, na ziachwe mbali kidogo na ukuta, kwa maana chokaa hutoa unga na unyevu unaoharibu kitambaa kwa nyuma. Walio na picha za rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama ilivyo desturi ya wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, wapake rangi upande wa nyuma pia. Hadibodi iliyopakwa upande mmoja hunywa unyevu wa bahari na kujikunja.

Jambo la pili ni saa. Hapa Unguja, Tamasha la Filamu lililoanza mwaka 1998 na lile la muziki, Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 yametufundisha kwamba umati hutoka jua likishapungua makali. Maonyesho yanayofungwa saa kumi na moja jioni yamefungwa kabla ya watu wake kuja. Fungueni alasiri hadi usiku, mkiwa na taa za kutosha zilizoelekezwa kwenye kazi na si kwenye macho ya watu, na asubuhi muwaachie wanafunzi.

Kuhusu bei, nashauri zisiandikwe ukutani. Wekeni orodha mezani, anayetaka aiombe. Bei ikikaa kando ya picha, mtu husoma bei na kusahau kutazama.

Mwalimu wa Sanaa

Ninakubaliana na Mratibu katika mengi, ila kwa hili la bei naomba tutofautiane. Mgeni wa Ulaya hataona haya kuomba orodha, lakini mvuvi wa Bagamoyo hataiomba kamwe. Ataona kwamba amefichwa kitu, ataondoka kimya. Bei ikiandikwa wazi, tena sawa kwa mwenyeji na mgeni, kila mtu husimama mbele ya kazi akiwa na haki ile ile. Iandikwe kwa herufi ndogo, mwishoni mwa kadi.

Kadi yenyewe ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Ianze na jina kamili la msanii, kisha jina la kazi, mwaka, na vifaa alivyotumia, halafu sentensi mbili au tatu za Kiswahili alizozisema msanii mwenyewe. Kiswahili kitangulie, lugha nyingine zifuate. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 akiuza picha zake Oyster Bay, Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972, na jina lake limedumu kiasi cha kuwa jina la mtindo mzima. Ila wachoraji wengi sana waliomfuata wameuza kazi nzuri ambazo leo hakuna ajuaye ni za nani. Jambo hili linaniumiza, na kadi ya maelezo ni dawa yake ya kwanza.

Kuhusu wenyeji, msitoze kiingilio, na msingoje waje wenyewe. Siku moja kabla ya kufungua kwa umma, waalikeni majirani: watu wa mtaa ule, wale mafundi wa majahazi, akina mama wa samaki. Mwenye kuchora jahazi asimame karibu na picha yake na kumuuliza fundi kama tanga limekaa sawasawa. Fundi atasema kweli, na kesho yake atamleta mwenzake. Ijumaa fungueni baada ya sala.

Mchoraji wa Pwani

Nawashukuru sana, Mwalimu na wenzako. Nimewasomea wenzangu majibu yote, nasi tumekubaliana: jengo la mawe endapo ruhusa itapatikana, fremu za fito, bei wazi kwenye kadi, na siku ya majirani itangulie. Limebaki swali moja. Mnunuzi akichukua picha, je, anaweza kuichapisha kwenye fulana au kadi za salamu?

Mratibu wa Unguja

Hapana, isipokuwa mmekubaliana hivyo. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii tangu kazi inapoumbwa, na kuuza picha si kuuza haki ya kuizalisha tena. Iandikeni sentensi hiyo kwenye risiti, chini ya jina la kazi na saini ya msanii, na kila msanii abaki na nakala ya risiti pamoja na fotografia ya kazi yake, ili siku akiiona kwenye fulana dukani awe na ushahidi mkononi.