Keki ya nyumbani: mkaa juu na chini, sufuria ya mchanga kwenye gesi, au ninunue oveni ya umeme?

MamaWawili_Moro
Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Naoka keki Jumamosi mbili kwa mwezi, ya watoto na wageni wakitokea, si biashara. Kipimo changu hakibadiliki: unga wa ngano robo kilo, sukari robo, siagi robo, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai, na ganda la limau la kukwaruza. Mpaka sasa natumia sufuria kwenye gesi, chini nimemwaga mchanga. Inaiva, ila juu inabaki nyeupe kama mgonjwa na inanata vidoleni. Mama mkwe anaila huku anaitazama kwa pembeni.

Mume anataka tununue oveni ya umeme ya lita 30. Mama yangu anasema nirudi kwenye mkaa, ndio ulionikuza. Nimsikilize nani?

BiMkubwa_Ngambo
Msikilize mama yako, mwanangu, ila hajakwambia kazi yenyewe. Siri ya mkaa ni makaa ya juu. Wengi wanajaza jiko chini, juu ya kifuniko wanaweka vijiwe vitatu vya kusalimia, kisha wanashangaa keki imeungua kitako na juu mbichi. Mimi nikipalia, fungu moja linabaki chini, mafungu mawili yanapanda juu. Tena makaa yaliyokwisha kushika, yameanza kuvaa jivu jeupe, si yale yanayotoa moshi bado. Ya chini nayafukia majivu kidogo yapoe ukali.

Kifuniko kiwe bapa na kiwe na ukingo. Sinia kuukuu linafaa sana. Kisichokuwa na ukingo, ukifunua kutazama tu, jivu lote linaingia ndani. Hilo lilinipata siku ya kuamkia Idi, wageni njiani, na sitaki kulisimulia.

Kwa mkate wa kumimina ndio kabisa, sibadilishi. Mchele uliolala majini, tui zito, hamira, hiliki. Rojo likishaumuka na kutoa povu unalimimina kwenye sufuria iliyopata moto na samli, unaisikia inasema chaaa. Chini kunashika, juu panatoboka vitundu, hapo ndipo unapalia. Zamani tukitumia vifuu vya nazi. Moto wake mkali lakini hauchelewi kushuka, unaupiga mkate rangi kisha unakuachia.

Kaka_wa_LUKU
Shikamoo Bi Mkubwa. Nami naomba tupige hesabu kidogo, maana watu wanaiogopa oveni bure. Za ukubwa huo nyingi ni wati 1,500 hivi, kibandiko kiko nyuma. Kuipasha dakika 15, kuoka dakika 45, jumla saa moja. Hiyo ni yuniti moja na nusu, na kwa kweli haifiki, kwa sababu joto likitosha inajikata yenyewe, likishuka inarudi. Keki mbili kwa mwezi hazimalizi yuniti 3.

Shida ya oveni ndogo ni namba za kwenye kitasa. Yangu nikiiweka 180, ndani kipimajoto kinasoma 210. Nililaumu unga, nikalaumu mayai, mpaka siku niliponunua hicho kipimajoto. Na ile nondo ya moto ya juu iko karibu mno na keki, kwa hiyo rangi inakuja kabla ya katikati kuiva. Weka trei ngazi ya chini. Tena usiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji, inavuta zaidi ya ampea 6 peke yake.

Bachela_Tabata
Jamani, mbona hakuna anayemsaidia na gesi aliyonayo tayari?

Dada, huko kunata ni maji. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi matone juu ya keki. Kifunge kifuniko kwa taulo kavu, pembe zake uzifungie juu zisining'inie kwenye moto (nilishaunguza la mwenye nyumba). Mchanga upashe moto dakika 10 kabla hujaingiza chombo, halafu moto wa chini kabisa, na usifunue funue. Tumia sufuria nzito ya alumini. Ile ya kisasa isiyoshika chakula usiipashe kavu, utando wake unaharibika.

Rangi ya juu hutaipata, nisikudanganye. Mimi keki naigeuza, kitako kinakuwa ndio uso, namwagia sukari ya unga. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

BiMkubwa_Ngambo
Kitako ndio uso! Haya, dunia imefika huko.

Mwokaji_Eldoret
Nimecheka peke yangu hapa 😂

Mimi nimetumia zote tatu. Makaa natumia watu wakiwa wengi, gas siku za kawaida, na oven ikiwa nina hakika stima haitapotea. Ikipotea keki ikiwa katikati ya kupanda, hiyo umeipoteza. Inazama na hairudi hata stima ikirudi baada ya dakika tano.

Lakini kuna kitu hakijasemwa. Mimi ni wa Mombasa, nilikuja huku na kipimo cha mama, na kila keki ikawa inapanda vizuri halafu inaanguka katikati kama kiti kilichokaliwa. Nikabadilisha jiko, nikabadilisha sufuria, bado. Kumbe ni mlima. Huku tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, maji yenyewe yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Hewa ni nyepesi, keki inafura haraka kabla haijapata nguvu ya kujishikilia. Sasa beking pauda naweka kijiko kimoja na nusu badala ya viwili, na naongeza maziwa vijiko viwili vya mezani. Wewe wa Morogoro uko chini, halikuhusu sana, lakini kama kuna mtu wa Njombe anasoma, asikimbilie kununua oven mpya.

Maskati_Kwetu
Mimi niko Maskati, oveni ya gesi ninayo, na ina grili juu. Kumimina naanzia jikoni juu, chini ukishashika nauhamishia kwenye grili dakika chache. Rangi nzuri tu. Mama yangu akionja anasema, "Hauna moshi." Ananiudhi kwa sababu ni kweli. Lakini Julai huku, nje nyuzi 45, nani atakaa uani na makaa?

Nilimwomba aniandikie kipimo chake, alichokichukua kwa bibi Unguja. Akaandika: mchele kibaba, tui la kutosha, hamira kiasi. Kibaba nakijua, vinne vyake ni pishi. Hiyo "kiasi" imenichukua Ramadhani mbili.

Kaka_wa_LUKU
Neno moja kwa wanaokwenda kwenye mkaa: uani, au kibarazani penye upepo wa kutosha. Si chumbani mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Hewa ya mkaa ina sumu isiyo na harufu, utaona usingizi tu.

MamaWawili_Moro
Narudi na majibu. Wiki iliyopita nilijaribu taulo kwenye gesi, kunata kumekwisha kabisa, asante kaka wa Tabata. Rangi hakuna, kama ulivyosema.

Jana nikawasha mkaa uani, fungu moja chini, mawili juu, sinia la zamani la harusi yangu likawa kifuniko. Dakika 40 nikachomeka njiti, ikatoka kavu. Juu rangi ya asali! Ila upande uliokuwa unapigwa na upepo umebaki mweupe kidogo, nadhani ningeigeuza sufuria katikati ya safari. Mama mkwe amekula vipande viwili, cha tatu kafunga kwenye leso. Oveni nimemwambia mume tuiongelee baada ya ada ya shule. Siku za mvua bado nitaihitaji.

Bi Mkubwa, sasa nataka kumimina. Hamira natia kabla ya kusaga au baada?

BiMkubwa_Ngambo
Baada. Saga mchele na tui mpaka ukishika kwa vidole usisikie chenga, ndipo utie hamira na sukari, ufunike. Na nazi ukune mwenyewe, mwanangu. Tui la pakti nalijua kwa harufu hata nikiwa huku.