Naomba ushauri: samaki aitwaye Murray cod hagusi chambo bandia

Habari zenu wakuu. Niko Echuca, Australia, navua Mto Murray. Tangu msimu wa Murray cod ufunguliwe Desemba sijapata hata mguso mmoja. Mvua imechafua mto. Nikizamisha mkono hadi kiwiko vidole sivioni.

Nimejaribu chambo cha samaki wa plastiki kinachozama mita 3, pia kile chenye visahani vinavyozunguka, nikirusha kandokando ya magogo alfajiri na magharibi. Magogo yameshaninasia vyambo vinne! Kamba wa mtoni najua wanamvuta, ila nataka kumpata kwa chambo bandia, ubishi tu.

Kwenye tope hivi, nitumie rangi nyeusi au ya kung'aa? Na niendelee hapohapo, au nisubiri maji yatulie?