Mrejesho: riba ya mkopo wa nyumba imepanda, niongeze rejesho au nirefushe muda?

Wakuu, asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa: riba inayobadilika ikipanda, ni heri kuongeza rejesho la mwezi au kurefusha muda? Hesabu imeamua.

Chukueni mkopo wa 100,000, miaka 20, riba 9%. Rejesho ni kama 900 kwa mwezi, ila mwezi wa kwanza 750 ni riba tupu. Deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa, linapungua 150 tu. Riba ikipanda hadi 10% mkopo ukiwa bado mpya, na rejesho likabaki 900, muda unaruka kutoka miezi 240 hadi kama 314. Miaka sita ya ziada kwa asilimia moja! Ikifika 11% ndipo balaa: riba ya mwezi ni 917, inazidi rejesho lenyewe, hivyo deni linakua huku unalipa. Hapo kurefusha muda hakusaidii kitu. Ili umalize kwa miaka 20 ile ile, rejesho lazima lipande hadi kama 1,032.

Aliyeshauri kuomba jedwali la marejesho (linaloonyesha kila mwezi riba, deni la msingi na deni lililobaki) alipatia. Tazameni safu ya salio, yaani deni lililobaki. Na mkilipa ziada, andikeni wazi iende kwenye deni la msingi, la sivyo huenda ikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao.