Kaka kama unataka nisaini niombe MIMI, acha kumuomba Mungu huku umenishika mkono

Wakuu salama? Naandika nikiwa na hasira na uzi ni mrefu, wa kusoma asome wa kupita apite.

Mimi ni Mkristo, tena wa kwenda kanisani, kwaio wale mnaosubiri niseme dini ni utapeli kaeni pembeni kidogo. Shida yangu ni moja tu, KUOMBEWA. Nimeombewa mpaka nimechoka, na nikisema nimechoka kuombewa naambiwa hiyo ni roho, na yenyewe inabidi iombewe.

Iko hivi. Mzee wetu alifariki mwaka juzi akaacha nyumba Morogoro, Kihonda, mama anakaa upande mmoja na upande wa pili kuna wapangaji watatu ambao kodi yao ndo inayomlisha. Tumezaliwa wanne, kaka ndo mkubwa na ndo msimamizi wa mirathi. Sasa kaka anataka hati iende benki achukue mkopo apanue duka lake la vifaa vya ujenzi, na benki inataka warithi wote tusaini kwamba tumeridhia. Wadogo zangu wawili wameshasaini. Mimi nimekataa na sababu nimeisema kikaoni mbele ya mjomba, na sisi Waluguru mnajua mjomba akikaa kwenye kiti watu wanashusha sauti, kwaio niliongea kwa adabu kabisa. Nikauliza, mkopo ukishindikana mama atalala wapi?

Hilo swali halijajibiwa mpaka leo. Badala ya kujibiwa nikaanza kuombewa.

Jumapili iliyopita naitwa nyumbani, "njoo tule pamoja kama familia". Nimelipa elfu 13 yangu ya treni ya SGR nikaenda. Nimefika nakuta mama katoa sahani za wageni, nikajua hapa kuna jambo. Tumekula, kaka akasema tusimame tumshukuru Mungu. Ikumbukwe kaka sio mwenzetu tena kwa Wakatoliki, aliokoka miaka kama sita iliyopita na siku hizi ni mtumishi kwenye huduma moja hapo mjini, wenyewe wanamuita mtumishi hata dukani kwake. Sina tatizo na hilo. Tukashikana mikono, yeye kanishika wa kulia.

Kaanza vizuri tu, chakula, uzima, safari yangu. Af sauti ikashuka. Bwana wewe unaijua mioyo yetu, unajua ndani ya nyumba hii yupo mmoja ambaye adui amemfumba macho asione baraka ulizoziachilia juu ya ukoo huu, Bwana mvunje, ng'oa roho ya ubishi, ondoa uchungu alioubeba tangu ndoa yake ilipovunjika...

Hee! Ndoa yangu imeingiaje kwenye hati ya nyumba?

Wifi pembeni anaitikia "ndiyo Bwana, ndiyo Bwana". Na kaka kila akifika kwenye neno analolitaka ananiminya kiganja. Utii, ananiminya. Umoja, ananiminya. "Mkono wake uandike sawasawa na mapenzi yako", hapo kaniminya mpaka pete ikaniuma. Mkono wake uandike wakuu! Nikafumbua macho. Mezani juu ya kile kitambaa cha mama cha kufuma kuna Biblia ya kaka, na chini ya Biblia imechomoza bahasha ya kaki na kalamu ya bluu imelazwa juu yake. Kuinua uso nakuta mama naye kafumbua, ananiangalia mimi. Hajasema kitu. Tumeangaliana kama sekunde tatu nne hivi, af yeye akafumba tena.

Kaka anamalizia, neno lako linasema wawili wakipatana duniani katika jambo lolote watakaloliomba watafanyiwa, nasi tunakushukuru kwa kuwa leo TUMEPATANA, na wote tuseme... Nikasema amina. Sasa nani hasemi amina? Tangu mafundisho ya komunyo nimefundishwa sala ikiisha unaitika amina, mdomo unatamka wenyewe. Hapo hapo bahasha ikavutwa. "Haya mdogo wangu, umesema amina mwenyewe mbele za Mungu, weka saini hapa."

Sikusaini. Nimeitwa muasi, nimeambiwa nimeikataa sauti ya Roho, wifi kalia machozi kabisa, mimi nikachukua pochi yangu nikaondoka. Na ukiniuliza kilichoniuma zaidi wala sio bahasha, ni ile ndoa. Mambo ya ndoa yangu nilimsimulia wifi peke yake, usiku, jikoni kwake, tena yeye ndo aliniomba nimwambie ili "ajue namna ya kuniombea". Nilidhani nampa siri, kumbe nampa silaha.

Maana siri yenyewe wala haikuishia sebuleni. Jumatatu niko stendi ya Msamvu nimeshindwa kupata treni nasubiri basi la kurudi Dar, anakuja dada mmoja simfahamu hata kwa sura, kanishika bega, "pole mpendwa, tunakuombea, tupo siku ya pili kati ya tatu za kufunga, hizo nira za ukoo zitakatika". Nikamuuliza tunafahamiana? Akasema aaah, kwenye grupu la waombaji mtumishi ametuma ombi. Nikamuomba anionyeshe, maskini hana hata baya moyoni kanipa simu. Ombi limeandikwa jina langu la kwanza, mtaa ninaokaa, kwamba nimeachika, kwamba nina uchungu na wanaume na ndo maana nazuia baraka za familia. Grupu lina watu 200 na ushee. Chini yake ni amina, amina, mikono ya kuomba, moto, amina. Hayo mambo angeyasema mtu kwenye kibanda cha chipsi yangeitwa umbea na mjomba angemuita kwenye kikao. Yamesemwa kwenye grupu la maombi, yanaitwa mzigo wa kuombea.

Sasa nauliza, pale sebuleni kaka alikua anaongea na nani? Mungu anajua ndoa yangu ilivunjika lini, hahitaji taarifa. Yale maneno yalikua ya kwangu mimi, ila yamepitishwa juu ili nisiweze kuyajibu. Mwanamke wa mtaani akitaka kukusimanga anavaa kanga yenye maneno ya kukusema pale chini, na wewe kesho unaingia dukani unatafuta kanga ya kumjibu, ngoma inaisha. Kijembe cha kwenye maombi utakijibu na nini? Umefumba macho, umeshikwa mkono, ukifungua mdomo unaambiwa umemkatiza Mungu.

Na ile Mathayo 18 ya kupatana aliyonipiga nayo, nikafika nyumbani nikaifungua. Aya yake ni ya 19. Panda juu kidogo aya ya 15, ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye wewe na yeye PEKE YENU. Mistari minne tu hapo juu! Sura hiyo hiyo, ukurasa huo huo, kaiona ya 19 akairuka ya 15. Na kupatana gani huko kwa mtu mmoja anaongea na wengine wamefumba macho.

Naona kuna watakaosema dada maombi hayaui, mwache akuombee. Maombi hayajawahi kunitisha jamani. Mama yangu ametuombea maisha yake yote, saa kumi alfajiri, kwa Kiluguru, unamsikia ukutani anavuta rozari, ukibahatika unasikia jina lako likipita af linafuata la mdogo wako. Hajawahi hata siku moja kuja asubuhi kuniambia "nilikuombea, kwaio fanya hivi". Tena kanisani kwetu maombi ya waamini yanasomwa kwenye karatasi, mgonjwa, msafiri, viongozi wa nchi, tunaitikia Ee Bwana twakuomba utusikie, yameisha. Zamani niliona ni makavu, leo naielewa ile karatasi. (Sio kwamba sisi ni malaika, jumuiya yetu kuna mama mmoja zamu ya kutaja nia ikimfikia watu wanaangaliana, wanajua leo kuna mtu anasemwa.)

Wengine watasema mbona Paulo alikua anawaambia watu anawaombea. Ndio, aliwaambia, mapendo yao yazidi, wajae maarifa, someni Wafilipi sura ya kwanza. Ila alipokua na shida na Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo hakujificha kwenye sala, aliandika barua kwa jina lake, nakuomba hivi na hivi, akasema hakutaka kufanya lolote bila shauri lake ili wema wake uwe wa hiari na sio wa lazima. Kweli kidogo alimbana, kale kamaneno ka "nisikuambie kwamba nakudai hata nafsi yako" tumekaona mzee Paulo. Lakini alimbana usoni, Filemoni angeweza kumjibu.

Na kwa habari ya kufunga siku tatu kwa ajili ya mali ya mtu, nimemwandikia kaka meseji asome 1 Wafalme 21. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la urithi wa baba zake, Yezebeli mke wa mfalme akafanyaje? Akaandika barua watu wapige mbiu ya KUFUNGA. Kilianza kama kipindi cha kiroho na kikaishia kwa mtu kupigwa mawe na shamba kuchukuliwa. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Nikamuongezea Marko 12:40, wanaokula nyumba za wajane na kwa unafiki husali sala ndefu. Hiyo kajibu fasta, kasema najifanya mwalimu wa neno na ataniombea.

Tukisikia Shakahola kule Kenya 2023, waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya 400, au Moshi Februari 2020 watu 20 walivyokufa kwenye kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako, kila mtu anasema mimi siwezi kufika huko. Sawa. Mimi sijafika huko, mimi nimeshikwa tu mkono sebuleni kwetu na kaka yangu wa tumbo moja, tumeshiba, na nikakaribia kabisa kusaini ili yaishe nisionekane nabishana na Mungu. Wadogo zangu wamesaini hivyo hivyo, wa mwisho kaniambia jana, "dada mi niliogopa kukatiza maombi".

Kikao kingine ni Jumamosi saa nne asubuhi, na kaka keshatangaza kwamba tutaanza kwa maombi. Nimemwambia mjomba tusali Baba Yetu wote kwa pamoja, macho wazi, mikono kila mtu na ya kwake, af tukae tuongee hela. Mjomba kacheka ila hajakataa.

Kilichonifanya nije hapa usiku huu ni mama. Kanipigia muda si mrefu, kaongea habari za mvua, za mpangaji wa chumba cha mwisho hajalipa, nikadhani anaaga, af akashusha sauti akaniuliza, "hivi ile bahasha, ilikua na karatasi ngapi?" Nikamuuliza kwanini mama. Akasema mimi nilisaini mbili, wakati tunasali.

Kwaio anayejua utaratibu wa kuweka zuio kwa msajili wa hati anielekeze, inachukua siku ngapi na naanzia ofisi gani, na kama mrithi mmoja anaruhusiwa kwenda peke yake. Ushauri wa kusamehe na kuachilia leo siutaki.