Mtoto ameleta wimbo wa majani kuanguka. Kwenu tangu mwezi wa 9 mpaka Noeli nyumba inasikiliza muziki gani?

MamaBagira (Bukavu)

Jambo wote. Niko na swali, inaweza kuonekana ndogo lakini inanisumbua tangu juzi. Kabinti kangu ka miaka 9 kamerudi ku masomo na wimbo wa Kifaransa juu ya otoni, ule wakati wa Ulaya majani inabadilika rangi na kuanguka. Anauimba vizuri kweli, nikimusikia nasimamisha kazi. Sasa juzi niko nawasha babula, nje mvua inapiga, yeye amesimama ku mlango anaangalia mti wa avoka wa jirani, kijani yote, maji inatiririka, akaniuliza "mama, yetu itaanguka siku gani?" Nilikosa jibu. Nilimuambia ngoja kwanza nimalize moto.

Na si hiyo tu. Mwalimu amewaomba siku ya tano kila mtoto aeleze kwao wanasikilizaka muziki gani wakati wa otoni. Mwingine ataenda kusema chochote tu, lakini huyu wangu anapenda kusema kitu ya kweli. Baba yake alipanda boti kwenda Goma kutafuta vitu, niko peke na batoto bane na mama mukwe. Naomba munisaidie, kwenu hii miezi ya mvua, masomo imeanza, giza ya mvua inaingia mapema, nyumba inasikiliza nini? Na huyu mutoto nimuambie nini juu ya ile majani?

PapaWaKadutu

Mama jambo. Miye kama unaniuliza muziki ya hii miezi, ya kwanza ni mvua ku mabati, huwezi kuiweka chini ya kitu ingine. Kwetu Kadutu nyumba zimebanana, mvua kubwa ikianza unasikia inakuja toka juu ya mlima, bati ya jirani, halafu ya kwako, na mama anapiga kelele beseni ziwekwe inje. Ndani baba alikuwa na redio moja kifuniko kilivunjika akakifunga na mpira ya gurudumu ya kinga (baiskeli), akaiweka juu ya kabati mahali maji haifike, sauti anaongeza kidogo kidogo kufuatana na mvua.

Na kuko siku moja mu otoni ambayo ni yetu, tarehe 12 mwezi wa 10. Franco Luambo, mwanamuziki wetu wa rumba, alikufa tarehe hiyo mwaka 1989, kule kule Ubelgiji. Nilikuwa na miaka 11. Habari ilipofika baba hakusema kitu, alitoa kiti akakiweka karibu na redio na akatuambia twende tukae, hata dada aliyekuwa anapika sombe akaitwa, tukasikiliza gitaa mpaka sombe ikaungua na hakuna aliyemugombeza. Tangu hapo kila mwaka tarehe hiyo kwangu tunapiga rumba jioni, batoto bangu wanajua, mukubwa ananikumbusha. Mwambie binti aseme hiyo mbele ya mwalimu, rumba ya Kongo hata UNESCO iliiandika ku orodha yake ya urithi wa utamaduni mwezi wa 12 mwaka 2021.

kijana_essence

Mama, aimbe tu ile ya mwalimu apate pointi zake, mambo mengine baadaye.

MamaBagira

Pointi atapata kijana wangu, wimbo anaujua. Ni ile swali yake ya ku mlango njo nataka kujibu.

YayaWaLiège

Dada yangu, mimi mwana Bukavu, niko Ubelgiji miaka 14, acha nimueleze mutoto wetu. Huku otoni inaanza ku tarehe 22 ao 23 mwezi wa 9 na inaisha ku 21 ao 22 mwezi wa 12. Siku inakuwa fupi, baridi inakuja, na mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, klorofili. Kumbe rangi ya manjano ilikuwa mule mu jani siku zote, ilifunikwa tu na kijani. Halafu mti unafunga pale jani linashikilia, maji haipite tena, upepo kidogo tu linaanguka. Mwambie kwetu Bukavu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka muzima, haina vile mti utaona siku imefupika. Huku mwezi wa 12 jua linazama karibu saa kumi na nusu, batoto wanatoka masomo taa za barabara zinawaka.

Tarehe 1 mwezi wa 11 watu wanapeleka maua ku makaburi, sawa vile sisi tunafanyaka tarehe 1 mwezi wa 8. Mwaka wangu wa kwanza siku hiyo nilitembea peke yangu kando ya mto, majani imejaa chini inalia kwenye viatu, sina kaburi ya mtu wangu hata moja huku, nikarudi kwa nyumba nikaweka rumba na nikapika bugali saa tisa ya mchana. Tabu Ley, mwimbaji mwingine wa rumba, naye alikufa mu hii hii miezi, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2013, Bruxelles. Kwa hiyo PapaWaKadutu nakuunga mukono mia kwa mia, otoni ya Ubelgiji na rumba yetu zimeshikana.

Tena kitu moja mwalimu atapenda. Vivaldi wa Italia aliandika muziki ya majira yote mane, ikachapwa Amsterdam mwaka 1725, na ile ya otoni haianze na majani kuanguka. Inaanza na balimaji wanacheza sababu wamevuna, wanakunywa divai mpaka wanalala. Basi hata kule ni furaha ya chakula kuingia nyumbani, na hiyo mutoto wa Bushi, inchi ya Bashi pale Bukavu, anaijua vizuri.

MwanaLushi

Bakubwa samahani naingilia toka Lubumbashi. Huku mu pori ya miombo, mwezi wa 8 kuenda wa 9, mvua haiyaanza bado, miti inageuka nyekundu, ingine rangi ya shaba, ukipita barabara ya Likasi unaweza kusema ni ile picha ya mu kitabu ya Kifaransa. Lakini ni kinyume! Ile nyekundu ni majani mapya, njo inazaliwa, kisha inakuwa kijani. Mimi mutoto walinifundisha pia shairi ya otoni na nilirudi nikamwambia nkambo, muzee wetu, "otoni imefika", akanivuta mpaka ku tawi akanikamatisha lile jani, laini kama sikio la mutoto, akaniuliza hii inakufa hii? Sijasahau.

Muziki yetu ya wakati huo ni karindula. Pipa kubwa, ngozi ya mbuzi, kamba ine, wanapiga mu kiwanja vumbi inapanda, joto kali kabisa kabla mvua ya kwanza. Na ndani ya nyumba ni gitaa ya Mwenda Jean-Bosco, ile wazee walianza kuisikia ku sahani za gramafoni tangu 1952, kidole kimoja kinaimba na kingine kinatembea chini yake. Baba mukubwa wangu anaipiga jioni ya mvua ya kwanza, hakuna anayeongea.

Mwalimu_Goma

Nafundisha Kiswahili, niongeze dogo. Ukitafuta otoni katika kamusi za Kiswahili mara nyingi utakuta neno vuli. Lakini kwa watu wa pwani vuli ni mvua fupi, za mwezi wa 10 hadi wa 12 hivi. Yaani neno lenyewe limebeba mvua, halikubeba majani makavu. Kwa hiyo mama, binti yako aliposimama mlangoni akiangalia mvua, alikuwa anaiangalia vuli. Anaweza kusimama darasani akasema nyumbani kwetu wakati wa vuli tunasikiliza hiki na hiki, na atakuwa hajakosea hata kidogo.

wa_Nguba

Hakuna aliyesema wavuvi?? Sisi wa kando ya ziwa jioni mvua ikikatika unasikia wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wanaimba ili makasia ishuke wakati moja, mmoja anaita wengine wanajibu, na sauti ku maji inafika mbali kuliko unavyofikiri. Mukubwa wangu anajua ni kundi gani kwa sauti ya anayeita. Asubuhi njo sambaza, samaki wadogo wadogo. Na ile samaki si ya ziwa Kivu, ilitolewa ziwa Tanganyika ikamwagwa huku karibu 1959, lakini nyimbo za kuivua ni zetu. Mwezi ukiwa muzima taa haivute samaki vizuri, usiku huo ziwa inanyamaza na mama analala mapema.

MamaBagira

Aksanti sana wote, nimesoma nyote mara mbili, PapaWaKadutu ile ya sombe imenitoa machozi.

Niwaambie vile ilienda. Jana usiku umeme ulikatika, nikawasomea batoto majibu yenu kwa telefoni. Mama mukwe alikuwa amekaa chini na lungo anachagua maharagi, ya mbegu upande huu, ya kula upande ule, nikafikiri hasikilize. Nilipofika pale ya Vivaldi na balimaji akacheka, akaanza kuimba kwa Mashi, luga ya Bashi, wimbo mama yake alikuwa anaimba wakati wa kupanda maharagi mvua ikirudi. Miaka 12 niko mu hii nyumba sijawahi kuusikia. Kabinti kakashika beseni kakaanza kupiga polepole, nikarekodi kwa telefoni, nusu ya ile sauti ni mvua.

Leo amesimama mbele ya masomo. Aliimba ya majani, kisha ya koko yake, ni ule mama mukwe wangu. Mwalimu akamuuliza neno moja la Mashi maana yake nini, hakujua, amerudi mbio hata viatu hajatoa anaenda kumuuliza. Koko amesema ni jina la ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ikigusa shamba, na beti ya pili atamufundisha kesho, kungali lungo moja ya kuchagua.