Kamba ya nanga inalika kwenye omo (mbele ya mashua): "chafe" ni nini hasa?

Mwana_Sahare: Wakuu, mashua ya mita 8 inalala majini hapa Sahare, Tanga, kwa kamba ya naili ya milimita 16. Tangu kusi ianze, kamba inatoka manyoya pale inapopita ukingoni. Karatasi ya maelekezo, ya Kiingereza, inaonya kuhusu "chafe". Ni kuchubuka tu? Na kipande cha mpira wa maji nilichoivisha kinatosha?

Fundi_Mashua: Ni kulika kwa kusuguliwa palepale, wimbi baada ya wimbi. Naili inanyumbuka, ndiyo maana inafaa nanga, lakini kunyumbuka huko ndiko kunakoipeleka mbele na nyuma juu ya ukingo. Chonga kona iwe mviringo, piga msasa. Zungusha turubai la pamba tabaka 3, lizidi ukingo sentimita 30 kila upande, ulishone kwenye kamba yenyewe lisihame. Kila siku legeza kamba shubiri moja, mzigo uhamie mahali pengine.

Msoma_Kamusi: Asili ya neno chafe ni Kifaransa cha kale, chaufer, kupasha moto, kutoka Kilatini calefacere. Waingereza walianza nalo kwa maana ya kupasha, kisha kupasha kwa kusugua, mwisho kuchubua. Maana ya kwanza imebaki kwenye chafing dish, yale masinia yenye moto chini kwenye harusi za hotelini. Friction, yaani msuguano, ni ukoo mwingine: Kilatini fricare, kusugua.

Baharia_Mstaafu: Na joto ndilo tatizo la mpira wako, mkuu. Kamba ikivutwa na kuachiwa, nyuzi zinasuguana ndani kwa ndani; mpira unazuia maji yasiipoze. Upepo ukikaza usiku kucha, naili inaweza kuyeyuka humo ndani na kukatika. Turubai linapitisha maji. Vua mpira ukague: ukikuta nyuzi zimegandana na kuwa ngumu, kata kipande hicho. Usikimbilie kamba ile ya plastiki inayoelea, inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi, naili ni zaidi ya 200, tena jua linaila. Katani yetu haiyeyuki, ila inaoza.

Mwana_Sahare: Shukrani. Urefu je? Sasa ni mita 20.

Fundi_Mashua: Fupi, kama kina chako kinazidi mita 3. Pima kina maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) yakiwa yamejaa, jumlisha kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa 5. Kina cha 6 na omo ya 1 ni mita 35. Ikiwa fupi inakazika kila wimbi, na turubai halitadumu.