Reli ya umeme ya Los Angeles–Long Beach: ilinyongwa na kampuni za magari au ilikufa kwa njaa?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Kila reli za umeme za Marekani zikitajwa, huletwa hoja ileile: kampuni za magari zilizinunua zikazing'oa. Naomba tuipime kwa njia moja tu, ya Pacific Electric kutoka Los Angeles hadi Long Beach. Ni kama kilomita 32, ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1902 na kufungwa Aprili 1961.

Mwenye reli, Henry Huntington, alikuwa muuza viwanja. Reli ilitangulia porini, bei ya ardhi ikapanda, na faida ya viwanja ikafidia nauli ndogo. Viwanja vilipokwisha, mfadhili naye akaisha. Mwaka 1911 mtandao ulikwenda kwa Southern Pacific, waliojali zaidi mizigo. Msimamo wangu ni kwamba reli hii ilikufa kwa njaa. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa pili
Mkuu, usiwasafishe. Mwaka 1949 mahakama ya shirikisho mjini Chicago iliwatia hatiani General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wenzao kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia mabasi na vifaa kampuni za usafiri zilizokuwa chini ya National City Lines, kampuni iliyonunua usafiri wa mijini kwa mtaji wao. General Motors walitozwa faini ya dola 5,000. Hiyo ni hukumu, si porojo za kijiweni.

Mchangiaji wa tatu
Hukumu ipo, ila isome yote. Shtaka la kula njama ya kuhodhi usafiri wenyewe waliachiwa. Na pale Los Angeles, National City Lines walichokishika ni Los Angeles Railway, yaani tramu za njano za mitaani zenye geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,067, ileile ya TAZARA. Pacific Electric ni yale mabehewa mekundu, geji 1,435. Katikati ya mji baadhi ya mitaa ilitandikwa reli tatu ili mifumo yote miwili ipite. Hapo ndipo watu wanapochanganya.

Huduma za abiria za Pacific Electric ziliuzwa mwaka 1953 kwa Metropolitan Coach Lines, na mwaka 1958 zikachukuliwa na mamlaka ya umma. Treni ya mwisho ya Long Beach ilizimwa na mamlaka ya umma.

Mchangiaji wa pili
Na huyo mnunuzi wa 1953, Jesse Haugh, alitokea wapi? Pacific City Lines, waliohukumiwa kwenye kesi hiyohiyo ya 1949. Mamlaka ilirithi mgonjwa aliyekwisha kunyimwa dawa.

Mchangiaji wa nne
Nawaachia mahakama, mimi nazungumzia waya. Njia hii ilitumia mkondo mnyoofu wa volti 600. Chukua behewa la mota 4, kila moja nguvu-farasi 140. Likivuta kwa nguvu zote linameza karibu ampea 700. Waya wa shaba wa milimita za mraba 107 una ukinzani wa kama omu 0.16 kwa kilomita, kwa hiyo ndani ya kilomita 1 tu unapoteza volti 112. Unganisha mabehewa matatu, treni inakosa pumzi. Dawa ni nyaya nene za kulisha sambamba, pamoja na vituo vya kupoza umeme vilivyokaribiana. Enzi hizo vituo hivyo vilikuwa na mashine za kuzunguka za kugeuza umeme, na brashi za kaboni zinazolika kila siku.

Kisha kuna umeme wa kurudi, unaopita kwenye reli zenyewe. Kila kiungio kinataka kipande cha shaba cha kuruka pengo. Kwa reli za mita 10, kilomita moja ya njia ina viungio 200, na hadi kitongoji cha Watts kulikuwa na njia nne sambamba: hesabu 800. Kipande kikilegea, umeme huingia udongoni na kudandia bomba la maji. Pale unapoliacha bomba kurudi relini, chuma hulika mpaka bomba linatoboka. Ukikatisha bajeti ya matengenezo miaka kumi, hakuna haja ya mtu kuja kukunyonga.

Tena ubovu haukuwa njia nzima. Nje ya mji treni ilikuwa na hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi wa reli peke yake, na ilikimbia vizuri. Ilikwama ikiingia mitaa ya katikati, nyuma ya foleni ya magari. Handaki la kukwepa foleni hiyo, la 1925, lilihudumia njia za magharibi peke yake. Long Beach haikupata kitu.

Mleta mada
Nimekubali kuhusu Haugh, na sitaitetea bajeti ya miaka ya 1950. Lakini angalieni kilichobaki. Treni za mizigo ziliendelea kupita, hivyo hifadhi ya reli haikumegwa yote kuwa viwanja. Tarehe 14 Julai 1990 treni ya umeme ilirudi, sehemu kubwa kwenye hifadhi ileile, safari hii kwa volti 750, kwa gharama ya dola milioni 877. Na imejengwa kwa fedha za umma, fedha ambazo kati ya 1911 na 1958 hakuna aliyekubali kuzitoa kwa ajili ya njia hii.

Mchangiaji wa pili
Hazikutolewa kwa reli, mkuu. Kwa barabara kuu za magari zilitolewa, miaka hiyohiyo. Hilo bado hujalijibu.